Kudandia Chombo Kilicho Safarini

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii imezoeleka katika mazungumzo juu ya afya ya binadamu, ila ni nadra kusikika ikielekezwa kwa mashine. Hata hivyo, mtu akizunguka katika ofisi na maduka ya jiji la Kisumu, kuanzia Mtaa wa Oginga Odinga hadi Kondele, atakuta tiba moja inayotolewa kwa kila ugonjwa wa tarakilishi: zima, kisha uwashe. Fundi husema hivyo, karani husema hivyo, na hata mteja aliyesimama kwenye foleni hupaza sauti kusema hivyo. Tiba yenyewe haina budi kusifiwa kabla ya kulaumiwa, kwani mara nyingi hufaulu. Mashine iliyokuwa imeganda huamka na kazi huendelea. Kasoro yake ni kwamba hufaulu bila kufundisha lolote. Ugonjwa huzikwa pamoja na ushahidi wake, na baada ya wiki mbili hufufuka ukiwa na nguvu zilezile, ilhali hakuna ajuaye ulikotoka.

Ipo njia nyingine, ngumu zaidi na yenye hatari zake, ambayo wataalamu wa programu wameitumia kwa miongo mingi. Ni njia ya kuichunguza programu ikiwa bado inaendelea na kazi: kuifikia ilipo, kuisimamisha kwa muda mfupi, kuipekua ndani, kisha kuiachilia iendelee na safari yake. Makala haya yanaitazama njia hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu mbili. Kwanza, lugha inayotaka kufundishia sayansi haina budi kuwa na namna ya kulisema jambo hili. Pili, swali lililomo ndani ya njia hiyo ndilo linalomkabili kila mtafiti wa lugha na fasihi aendaye nyanjani: je, yawezekana kukichunguza kitu kilicho hai bila kukivuruga?

Ni vyema kuanza na istilahi. Programu ikiwa imehifadhiwa tu katika diski ni maandishi, mfano wa tamthilia iliyofungwa kabatini. Inapoanza kutekelezwa huitwa mchakato, na hapo hufanana na tamthilia iliyo jukwaani. Katika mfumo wa Linux kila mchakato hupewa nambari yake ya utambulisho, hupewa sehemu yake ya kumbukumbu, na huweza kuwa na nyuzi kadhaa, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba. Kosa lililomo ndani ya programu huitwa kwa Kiingereza kwa jina la mdudu. Wengi hudhani jina hilo lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947, pale nondo alipokutwa ndani ya mashine ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard na kubandikwa katika daftari la kazi. Kwa hakika jina lilikuwapo kabla ya hapo. Thomas Edison alilitumia katika barua zake mwaka 1878. Waliombandika nondo yule walikuwa wakitania, kwa maana walikuwa wakilijua neno hilo tayari. Kwa Kiswahili, neno hitilafu linatosha, na chombo cha kuitafuta hitilafu kinaweza kuitwa kichunguzi bila kumchosha msomaji.

Kichunguzi mashuhuri zaidi katika ulimwengu wa Linux ni GDB, kilichoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986. Kinaweza kuianzisha programu chini ya ulinzi wake tangu mwanzo, kama mwalimu anayemwongoza mwanafunzi sentensi kwa sentensi. Lakini pia kinaweza kuufuata mchakato ulioanza zamani. Mtaalamu huandika amri gdb -p ikifuatiwa na nambari ya mchakato, tuseme 2317. Kiini cha mfumo hupokea ombi, huhakikisha kwamba mwombaji ana ruhusa, kisha huusimamisha mchakato pale pale ulipofika. Nyuzi zote hutulia. Hapo mtaalamu huweza kuuliza: uzi huu ulikuwa ukifanya nini? Ulitumwa na nani, naye aliyeutuma alitumwa na nani? Kijigezo hiki kina thamani gani? Orodha ya miito husomwa kama ukoo unaohesabiwa kutoka kwa mjukuu hadi kwa babu.

Thamani ya jambo hili huonekana vyema kwa mfano, na mfano ufuatao ni wa kubuni. Chukua kituo cha afya kilicho ufuoni, mahali fulani kati ya Kisumu na Homa Bay, siku ya Jumatatu asubuhi. Madawati yamejaa. Wako kina mama wenye watoto, wako wavuvi waliokesha majini wakivua omena kwa taa, wako watu waliokuja kuchukua dawa ambazo hawapaswi kuzikosa hata siku moja. Rekodi zao zimo katika seva. Hili si jambo la kuwaziwa tu: mfumo huria wa OpenMRS, ulioanza kubuniwa mwaka 2004, ulitumiwa kwa mara ya kwanza mjini Eldoret mwaka 2006, na tangu mwaka 2012 vituo vingi vya umma nchini Kenya vimetumia KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya msingi huohuo. Sasa tuseme mfumo wowote wa aina hiyo umeganda. Skrini inaonyesha duara linalozunguka bila kikomo. Muuguzi mkuu anamgeukia fundi kijana aliyeketi kando ya seva.

"Nyathina, washa upya watu waende makwao."

"Mama, naomba dakika mbili. Nikiiwasha sasa, kesho tutakuwa hapahapa."

"Dakika mbili za nani? Watu hawa wametoka ng'ambo kwa boti."

Katika mabishano hayo mafupi, pande zote mbili zina haki. Muuguzi anatetea walio mbele yake. Fundi anatetea watakaokuja kesho. Uzuri wa njia inayozungumziwa hapa ni kwamba humpa kila mmoja sehemu ya haki yake, maadamu fundi anaijua kazi. Programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, kama ilivyo OpenMRS, zina chombo chao chepesi kiitwacho jstack. Chombo hicho huupa mchakato amri ya kutaja hali ya kila uzi, huusimamisha kwa muda mdogo tu, kisha huuacha uendelee. Hifadhidata ya MySQL iliyo chini yake huweza kufuatwa kwa GDB. Baada ya dakika mbili fundi anaweza kuwa na ukurasa mzima wa ushahidi mkononi. Kisha, ikibidi, azime na kuwasha. Tofauti ni kwamba safari hii hatakuwa amezima gizani.

Je, ukurasa huo ungemwonyesha nini? Aghalabu mfumo unapoganda bila kufa, sababu ni mkwamo. Uwazie wavuvi wawili katika ufuo wa Dunga. Mmoja ameshika kasia na anahitaji mtumbwi. Mwingine ameshika mtumbwi na anahitaji kasia. Kila mmoja ameapa kutoachia alichoshika mpaka apewe alichokosa. Hakuna aliyelala, hakuna aliyekufa, hakuna aliyefanya kosa akitazamwa peke yake. Lakini hakuna atakayeingia ziwani leo. Ndani ya programu, uzi mmoja hushika kufuli la kwanza na kungojea la pili, ilhali uzi wa pili umeshika la pili na unangojea la kwanza. Mtu akitazama kwa nje ataona ukimya tu. Akizima na kuwasha, wavuvi wote wawili hufukuzwa ufuoni na kasia hurudishwa mahali pake, na ugomvi husahauliwa hadi siku watakapokutana tena kwa mpangilio uleule. Bali akiwakuta wangali wameshikana, jstack itamtajia kwa majina nani ameshika nini na nani anangojea nini. Dawa yake ni kuweka kanuni kwamba kila mtu achukue mtumbwi kwanza, kisha kasia. Kanuni hiyo haiwezi kutungwa na mtu asiyejua kwamba kulikuwa na ugomvi.

Hata hivyo, si haki kuisifu njia hii bila kutaja gharama zake. Kichunguzi kama GDB kikishaufikia mchakato, mchakato husimama, na walimwengu wanaoutegemea hawana habari. Kompyuta nyingine zilizounganishwa nao huendelea kuhesabu sekunde. Zikichoka kungoja hukata mawasiliano, na mfumo uliokuwa na ugonjwa mmoja huwa na magonjwa mawili. Mchunguzi akikawia kwa udadisi, yeye mwenyewe hugeuka kuwa hitilafu. Aidha, kichunguzi huweka mitego ndani ya programu, yaani alama za kuiagiza isimame ifikapo mahali fulani. Ikiwa kichunguzi kitakufa ghafla kabla ya kuitegua, mitego hubaki, na mchakato utakapoikanyaga huenda ukaanguka na kufa kwa kosa lisilokuwa lake. Wakazi wa kando ya ziwa wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: wavu uliotelekezwa majini hauachi kuvua. Huendelea kunasa samaki wasio na mlaji.

Gharama ya tatu ni ya kimaadili. Anayeufikia mchakato huiona kumbukumbu yake yote. Katika seva ya kituo cha afya, kumbukumbu hiyo ina majina ya watu, vipimo vyao na siri zao. Ndiyo maana mfumo haumruhusu kila mtu. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuuchunguza mchakato wa mwenziwe, na tangu mwaka 2010 mfumo wa Ubuntu uliongeza kizuizi kingine: kwa kawaida mchakato huweza kuchunguzwa na mzazi wake tu, yaani ule uliouzaa, isipokuwa msimamizi mkuu aamue vinginevyo. Tena mchakato mmoja hauchunguzwi na wawili kwa wakati mmoja. Sheria hizi zimeandikwa na wahandisi, lakini zingeweza kuandikwa na wazee wa baraza: asiyehusika asiingie, anayehusika abishe hodi, na aliyeingia awe mmoja.

Yapo, lakini, mambo ambayo hayawezi kusimamishwa hata kwa sekunde moja, na hapo ndipo ziwa lenyewe linapokuwa mwalimu. Katika miaka ya 1990 gugumaji lilienea katika Ghuba ya Winam kiasi cha kuziba njia za boti na kuifunga bandari ya Kisumu. Mnamo mwaka 1998 lilifunika zaidi ya hekta 17,000 za maji ya ghuba. Mwaka 1997 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya walianza kuachilia fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu wenye asili ya Amerika Kusini ambao hula mmea huo. Hapa pana kejeli inayostahili kutajwa: katika programu wataalamu huwatoa wadudu ili kuponya, na katika ziwa waliwatia wadudu ili kuponya. Kufikia mwisho wa muongo huo sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imetoweka, na watu wakashangilia.

Lakini nani aliyeliondoa? Msimu huohuo wa 1997 na 1998 ulikuwa wa mvua za El Niño. Maji yalipanda, mawimbi yakalipasua gugu na kulisukuma, mawingu yakapunguza mwanga wa jua. Wanasayansi wakagawanyika. Wapo walioshikilia kwamba fukusi ndio waliofanya kazi kubwa. Wapo waliosema kwamba hali ya hewa ndiyo iliyotangulia, na fukusi wakamalizia. Mabishano hayo yaliendelea katika majarida ya kitaaluma miaka kadhaa baadaye, na gugu nalo likarejea kwa wingi mwaka 2007 kana kwamba limekuja kusikiliza hoja. Sababu ya ugumu huo ni wazi. Ziwa halina nambari ya mchakato. Hakuna amri ya kulisimamisha Jumanne saa nne ili kuhesabu nani ameshika nini, wala hakuna ziwa la pili la kujaribia ambamo mvua imenyesha bila fukusi. Sababu mbili zilifanya kazi kwa wakati mmoja, na safari ikaendelea. Mtu akilikumbuka hilo, ataona jinsi mtaalamu wa programu alivyojaliwa anaporuhusiwa kusema "simama" na kutiiwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili yuko kati ya hawa wawili. Lugha haisimami kama mchakato, wala haiko mbali na mkono wa mtafiti kama lilivyo ziwa. Anayetaka kuchunguza Kiswahili kinavyozungumzwa katika soko la Kibuye siku ya Jumapili atakuta lugha iliyo mbioni: muuzaji anaanza bei kwa Kiswahili, anamsihi mteja kwa Kiluo, anahesabu chenji kwa Kiingereza, kisha anarudi kwenye Kiswahili kumkaribisha anayefuata. Mtafiti akitoa kinasasauti, mchakato husimama. Muuzaji hujiweka sawa, huchagua maneno, huanza kusema kama redio. William Labov alilieleza tatizo hili mwaka 1972: mwanaisimu anataka kujua jinsi watu wasemavyo wasipotazamwa, ilhali hana njia ya kujua ila kwa kuwatazama. Masuala yaliyotajwa hapo juu yanarudi yote: ruhusa, muda, siri, na mitego iliyosahaulika.

Fasihi simulizi nayo haijasalimika. Mwandishi marehemu Asenath Bole Odaga, aliyeanzisha shirika la uchapishaji la Lake Publishers and Enterprises mjini Kisumu mwaka 1982, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya na kuchapisha masimulizi ya Waluo. Kila aliyewahi kufanya kazi ya aina hiyo anajua kwamba hadithi iliyosimamishwa ili iandikwe si ile iliyokuwa ikisimuliwa. Kiitikio cha hadhira hukatika, na msimulizi aliyeombwa arudie hurudia jambo jingine. Pamoja na hayo, hadithi isiyoandikwa hufa pamoja na msimulizi, kama vile kumbukumbu ya mchakato ifavyo umeme unapozimwa. Kwa hiyo mkusanyaji hana budi kuchagua, kama fundi yule: akubali kuvuruga kidogo ili aokoe mengi, na avuruge kwa adabu.

Hatimaye inafaa kulirudia suala la jina. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa kufanya hivyo ulithibitisha kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kusema Kiswahili. Tangu hapo na hata kabla yake, wapenzi wa lugha wamebishana juu ya tarakilishi na kompyuta na ngamizi, na wamelipokea neno wavuti, linalomkumbusha msikilizaji wavu wa mvuvi. Lakini mabishano mengi yamehusu majina ya vitu. Vitenzi vimesahauliwa, ilhali sayansi ni vitenzi. Tendo la kukifikia kichunguzi na mchakato unaoendelea liitweje? Wengi wangekimbilia kuambatisha. Tatizo ni kwamba kiambatisho kimekwisha kuwa faili linalotumwa pamoja na barua pepe, na faili hilo halimsimamishi mtu wala halihitaji ruhusa ya mzee yeyote.

Kiswahili cha barabarani kina kitenzi kizuri zaidi: kudandia. Anayedandia hukirukia chombo kilicho mwendoni. Anajua kwamba chombo kilianza safari bila yeye, hakikuandaliwa kwa ajili yake, na kwamba akikosea hatua ataumia au atamwumiza mwenye chombo. Neno hilo limebeba hata lawama ndani yake, kwani adandiaye bila idhini ni mkosaji, na msemo wa kudandia gari kwa mbele humsuta aingiliaye mazungumzo asiyoyajua mwanzo wake. Mpinzani atasema, na kwa haki, kwamba matatu haisimami kwa sababu imedandiwa, ilhali mchakato husimama. Hoja hiyo ina uzito. Huenda ikabidi kusema kudandia na kusimamisha, maneno mawili kwa matendo mawili, na kwa kweli vyombo vipya vya uchunguzi vinavyotazama bila kusimamisha vimeonyesha kwamba matendo hayo mawili hutengana. Uamuzi ni wa wataalamu wa istilahi na wa watumiaji. Lililo muhimu ni kwamba neno litokane na tendo, na tendo lieleweke kwanza.

Na mwenye kudandia hana budi kujua kushuka. Katika GDB amri hiyo ni ya neno moja, detach, na walimu wengi huifundisha mwisho, kama jambo dogo. Si dogo. Ndiyo inayoitegua mitego, inayofungua nyuzi, na inayourudishia mchakato uhuru wake pasipo kuacha jeraha. Mtafiti aliyerekodi sokoni anadaiwa kitu hichohicho: arudi aeleze alichokipata, afute asichoruhusiwa kubaki nacho, amwachie muuzaji lugha yake ikiwa nzima. Muuguzi wa ufuoni aliyetoa dakika mbili anadaiwa jibu pia. Fundi akishapata ukurasa wake wa ushahidi, asiufiche katika kipakatalishi. Amweleze mama yule, kwa Kiswahili chepesi, nani alishika kasia na nani alishika mtumbwi.